Mlango wa Zamoyoni

Nilikwenda Palepale mwaka ule Mwantumu, mke wangu, alipofariki. Njia ya kufika huko sitaieleza. Aliyewahi kufiwa ataijua, na asiyefiwa haimfai bado.

Nitataja tu kilichonitoa nyumbani. Turubai la msiba lilikuwa bado halijarudishwa kwa mwenyewe pale Shangazi Mwanjaa aliponiita uani.

"Mndolwa, mwanangu, nyumba haikai wazi," alisema. "Nimeshaongea na watu."

"Watu gani, shangazi?"

"Watu wenye binti."

Nikafunga mfuko wangu.

Mpakani mwa Palepale nilipokewa na afisa mwenye kofia ya bluu. Aliniuliza jina, nami nikaanza kulitaja. Kabla sijamaliza, ngoma ililia mahali fulani ndani ya nchi. Afisa akasimama, akatoka kwa mlango wa kushoto. Mwingine mwenye kofia kama ile akaingia kwa mlango wa kulia, akakaa kwenye kiti kilekile.

"Malizia," aliniambia.

"Nimalizie nini?"

"Jina. Mwenzangu kaondoka na nusu."

Nikamuuliza kama mwenzake atarudi. Akacheka kidogo. "Hapa mpakani harudi mtu. Tunasogea tu, nyumba moja kila duru, upande uleule, mpaka tuizunguke nchi yote." Halafu akajiziba mdomo, akatazama nyuma. "Lakini usilitaje hilo ndani. Kisheria hatusogei."

Palepale ni nchi ya nyumba zilizopangwa kama mashimo ya bao, safu kwa safu. Kila nyumba ina milango minne, mmoja kila upande, na kila nyumba ina mtu mmoja. Katikati ya mji mkuu pana ngoma kubwa inayopigwa mchana kutwa, pigo moja baada ya jingine, na kati ya pigo na pigo unaweza kuchemsha chai. Pigo la kwanza likilia, kila mtu hutoka kwa mlango aliopangiwa na kubadilishana nyumba na jirani wa upande huo. La pili, hubadilishana na wa upande mwingine. La tatu vilevile. La nne likilia kila mtu huwa amepita nyumba nne na kurudi kwake. Hiyo huitwa duru. Wakishamaliza duru huanza nyingine.

Nilikaa huko muda wa kutosha kuyazoea maisha hayo. Mtu huanza kunyoa ndevu kwake na kumaliza kwa jirani, kwa wembe wa jirani. Chungu kikiwa motoni huangaliwa na yeyote aliyefika, kwa hiyo mchuzi hutiwa chumvi mara nne au hautiwi kabisa. Ugomvi hauhami na watu, hubaki ndani ya nyumba. Anayeingia hukuta sentensi imeachwa nusu na huimalizia, awe anamjua anayegombezwa au hamjui.

Katiba yao ni fupi. Ibara ya kwanza yasema: Katika Palepale hakuna anayekwenda popote. Ibara ya pili yasema: Asiyerudi hakutoka. Kila mwaka Wizara ya Utulivu huwahesabu watu, na huwahesabu baada ya pigo la nne, katikati ya nchi, ambako kila mtu yuko kwake. Matokeo yamekuwa yaleyale tangu uhuru. Wale wa mpakani, ambao upande wao mmoja hauna jirani wa kubadilishana naye, na ambao kwa sababu hiyo hupitiliza na kwenda mbele daima, hawahesabiwi. Hawakurudi, kwa hiyo hawakutoka. Hawakutoka, kwa hiyo wako kwao. Lakini kwao hawapo. Niliuliza hilo wizarani nikaambiwa kwamba ni swali la mgeni.

Mgeni naye hana nyumba, hivyo huandikishwa kuwa mzigo wa mwenyeji. Mimi nilipangiwa kuwa mzigo wa Bi Sikudhani, mama mmoja wa makamo wa mtaa wa kati, mwembamba, mwenye ufunguo shingoni. Afisa wa mtaa, Bwana Kinyogoli, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinikabidhi mlangoni.

"Bi Sikudhani, mzigo wako huu. Unaitwa nani?"

"Muulize mwenyewe, ana mdomo."

"Kisheria mzigo hauulizwi."

"Basi usiuulize," alisema, akanishika mkono, akaniingiza ndani.

Mume na mke huko hupewa nyumba zinazotazamana. Hawakai pamoja, maana kila nyumba ina mtu mmoja. Ndoa yao ni mlango ule wa katikati. Katika kila duru, pigo la pili likilia, mke hutoka upande wake kwenda kwa mume na mume hutoka upande wake kwenda kwa mke, wakapishana kizingitini. Pale huambiana neno. Mahari, harusi, vifijo, vyote ni kwa ajili ya pale. Nilipoambiwa hivyo niliona ni kidogo. Baadaye nilijaribu kukumbuka ni maneno mangapi hasa mimi na Mwantumu tulikuwa tukiambiana kwa siku, sikupata mengi zaidi.

Mume wa Bi Sikudhani aliitwa Zamoyoni. Kwa miaka yote ya ndoa yao alimwambia neno moja tu kizingitini: "Umechelewa." Hakuna anayeweza kuchelewa Palepale, maana wote hutembea kwa ngoma moja. Bi Sikudhani naye alimjibu jibu moja: "Na wewe unakimbilia wapi?" Kisha kila mmoja akaenda zake mpaka duru nyingine.

Zamoyoni alifariki kabla sijafika. Nilipolisikia hilo nilimwambia Bi Sikudhani, "Pole."

Akanitazama. "Neno gani hilo?"

"Ni neno la kumpa mtu aliyepungukiwa."

"Hapa hapungukiwi mtu," alisema. "Akifa mtu huletwa Mjazo."

Mjazo ni mtumishi wa serikali. Kazi yake ni kujaza. Mtu akizikwa asubuhi, alasiri Mjazo huingia katika nyumba yake, huvaa kofia yake, huitwa kwa jina lake na kutembea njia yake. Akiwa marehemu alikuwa na neno la kizingitini, Mjazo hulikariri. Kwa utaratibu huo nchi haijapata pengo hata moja, na neno la kumpa aliyepungukiwa halikuhitajika, likasahaulika.

Bi Sikudhani alifanya jambo ambalo sheria haikuwa imelifikiria. Walipotoka makaburini alitangulia kurudi, akafunga milango yote minne ya nyumba ya Zamoyoni kwa kufuli, akavaa ufunguo shingoni. Mjazo alipofika alasiri akakuta amefungiwa nje. Bi Sikudhani hakuwa na nia ya kupinga serikali. Aliniambia alitaka tu kusiwe na mtu mwingine wa kumwambia amechelewa.

Lakini nchi ile imeunganishwa kwa milango. Pigo likilia, aliyetakiwa kuingia kwa Zamoyoni akakuta kufuli, akabaki alipo. Pigo lililofuata likamchukua kutoka pale alipobaki. Duru ilipoisha hakuwa kwake, alikuwa kwa jirani. Duru ya pili akawa nyumba ya mbele zaidi. Majirani wote walioizunguka nyumba ile wakaanza kusogea hivyo, nyumba moja kila duru, wote upande mmoja, wakiuzunguka mlango wa Zamoyoni kama punda wa kinu. Bi Sikudhani alikuwa mmoja wao, nami mzigo wake nyuma yake na mfuko wangu.

Wizara ilishtuka. Waziri alisema bungeni kwamba mpaka umezaliwa sebuleni.

Hatua zilichukuliwa. Kwanza milango ilipakwa chokaa. Watu wakasogea nyumba moja. Kisha majirani wakashauriwa watembee kwa moyo wa kurudi. Wakatembea kwa moyo huo, wakasogea nyumba moja. Ikaundwa Ofisi ya Kuchunguza Mwendo, nayo, kwa kuwa ilihitaji mahali karibu na tukio, ikachukua nyumba mbili zilizopakana na ya Zamoyoni kwa nyuma. Kwa usiri wa kazi ikafunga milango yake. Hivyo pengo likawa kubwa mara tatu, na watu wa nyumba za mbali zaidi, waliokuwa wakirudi kwao vizuri, wakaanza nao kuzunguka. Wachunguzi walichungulia dirishani na kutoa taarifa ya kwanza: hawajaona mtu yeyote akipita mara mbili siku moja, kwa hiyo mzunguko haupo.

Nilimtembelea Mkuu wa Ngoma, Bwana Songambele, mzee wa cheo kikubwa na kanzu safi, ili nijue kwa nini ngoma yenyewe isirekebishwe.

"Tumejaribu," alisema. "Tumeipiga haraka, tumeipiga polepole. Tumebadili ngozi. Kuna siku mpigaji alikuwa amelewa, mapigo yakapepesuka, nikasema leo tutajua. Wakasogea nyumba moja."

"Hata nusu haikupungua?"

"Nyumba haina nusu, bwana. Ama umesogea moja ama hukusogea. Ukitaka wasisogee, fungua ule mlango. Ukiufunga, nichezee ngoma upendavyo, ni moja tu."

"Na mkiizima ngoma?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia tusi kwa mtoto. "Tukiizima kila mtu atabaki alipo. Na alipo si kwake. Nani atakubali kuwa ndiye anayeishi kwa mwenzake milele?"

Suala likafikishwa bungeni. Nilihudhuria, kwa kuwa Bi Sikudhani aliitwa na mzigo huenda na mwenyewe. Bunge lao nalo hutembea kwa ngoma. Kila pigo likilia, mheshimiwa huhamia kiti cha jirani na kuendelea na hoja ya kiti, si ya kwake. Waziri wa Utulivu alisimama akataka mlango uvunjwe. Alikuwa amefika kwenye "Waheshimiwa, nchi haiwezi kutekwa na kufuli la mama mmoja," ngoma ikalia, akahamia kiti cha upinzani, akaendelea bila kuvuta pumzi, "na ndiyo maana nasema kufuli la mama mmoja lisiguswe." Mama mmoja wa upinzani, Mheshimiwa Namtero, aliyekuwa akilia kwa uchungu kwa ajili ya wajane, alijikuta kwenye kiti cha Waziri na mashavu yake bado yamelowa, akadai nguvu itumike. Watu wakapiga makofi kila upande. Katika pigo la nne wote walikuwa kwenye viti vyao, wakapiga kura kama walivyokuwa wamekusudia asubuhi.

Uamuzi ulikuwa huu. Mlango wa Zamoyoni utafunguliwa na Bi Sikudhani mwenyewe, siku ambayo watu wote wa mzunguko watakuwa wamemaliza kuzunguka na kila mmoja kufika kwake, maana amri haisomwi kwa mtu aliye nyumba ya mwingine. Mjazo atakuwa ndani tayari. Pigo la pili likilia watapishana kizingitini, atasema neno la marehemu, na ujazo utakuwa umekamilika. Asipofungua, mlango utang'olewa na kupelekwa wizarani.

"Mkiung'oa hautakuwa mlango wake tena," alisema Bi Sikudhani.

"Ndiyo faida ya kufungua," alijibu Waziri.

Mjazo huyo nilimkuta kwenye baraza la bunge, amekaa juu ya furushi lake. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Tungaraza, ingawa aliniomba nisimwite hivyo mbele za watu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye macho ya usingizi. Alikuwa ameshajaza mwoka mikate, mjomba wa watu, na mwalimu wa kwaya.

"Wakati mwingine najisahau," aliniambia. "Nilikwenda kwa mjane wa mwoka mikate nikaanza kumpigia sauti ya kwanza."

"Akasemaje?"

"Alisema marehemu naye alikuwa anajaribu kuimba. Akacheka. Halafu akaniambia nisirudie tena." Akakaza fundo la furushi lake. "Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nani atanijaza."

"Pole," nilisema.

Naye akaniuliza ni neno gani. Nikamweleza kama nilivyomweleza Bi Sikudhani. Akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja embe bichi.

Wakamshusha ndani ya nyumba ya Zamoyoni kwa kuondoa kipande cha paa. Akakaa humo peke yake na vitu vya marehemu, kwenye giza la milango iliyofungwa, huku sisi tukizunguka nje. Kila tulipopita Bi Sikudhani aligusa ukuta kwa ncha za vidole. Sidhani alijua anafanya hivyo.

Katika kuzunguka kule nilizoeana na jirani mmoja, Bwana Chambuso, kikongwe aliyeishi maisha yake yote ndani ya nyumba zake nne. Alilalamika tangu asubuhi mpaka machweo.

"Magoti yangu, mgeni! Umri huu natembezwa kama mbuzi wa mnada."

"Basi mlango ukifunguliwa utapumzika."

"Nani kasema ufunguliwe?" alifoka. "Miaka yote hii sikujua kwamba nyuma ya kwa Zamoyoni kuna mtu anayefuga sungura. Sungura, bwana! Weupe! Na yule mama wa kona, unajua tulicheza pamoja utotoni kabla hatujapangiwa nyumba? Nilidhani alishajazwa." Akavuta pumzi. "Nimechoka sana. Wasifungue."

Bi Sikudhani hakulalamika wala hakuunga mkono. Siku moja tulipokuwa tumekaa katika nyumba isiyo yake, akanipa kikombe kisicho chake, akauliza, "Na wako, alikuwa na neno?"

Nikamweleza kwamba Mwantumu alikuwa na kigoda. Alikiweka katikati ya jiko letu, mahali ambapo kila mtu alihitaji kupita, na akikaa hapo kuchambua mchele hakusogea kwa ajili ya yeyote. Ukimwambia akupishe alisema, "Zunguka. Nyumba ni kubwa." Nyumba yetu haikuwa kubwa. Tulizunguka.

"Umeifunga?" aliuliza.

"Nini?"

"Nyumba yako."

"Wanaitafutia mtu," nilisema.

Akanywa chai yake. "Basi usikae sana huku," alisema.

Siku ya amri ilifika asubuhi yenye mawingu. Duru ya mwisho ilipokwisha, kila mtu wa mzunguko alijikuta kwake, na wengi walitazama kuta zao kama wageni. Bwana Kinyogoli alikuja na watu wawili wenye nyundo. Mawaziri walisimama juu ya paa la Ofisi ya Kuchunguza Mwendo, ambamo wachunguzi bado walikuwa wamefungiwa na kazi yao. Pigo la kwanza likalia na watu wakapita. Mimi na Bi Sikudhani tukasimama mbele ya mlango wa Zamoyoni, tukingoja la pili.

"Fungua, mama," alisema Kinyogoli kwa upole. "Usitulazimishe kutumia nyundo."

Bi Sikudhani alivua ufunguo shingoni. Aliushika muda mrefu hivi kwamba mmoja wa wale wa nyundo akaanza kujikuna. Niliona anautazama mlango wenyewe, mbao zake, mahali ambapo mkono wa Zamoyoni ulikuwa umeacha weusi wa kushikilia kwa miaka. Akachomeka ufunguo. Nadhani aliona heri mlango wenye mtu mwingine ndani kuliko ukuta wenye tundu.

Ngoma ikalia. Mlango ukafunguka.

Tungaraza alikuwa amesimama kizingitini. Kanzu ya marehemu alikuwa ameivaa, kama alivyoamriwa. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

Bi Sikudhani hakuinua uso. Alingoja kuambiwa amechelewa.

Tungaraza aliigeuza kofia mikononi.

"Sema!" alinong'ona Kinyogoli. "Neno lenyewe ni moja tu!"

"Pole, Bi Sikudhani," alisema Tungaraza.

Watu wote wa mzunguko walikuwa kwenye milango yao na walilisikia, na hakuna aliyelielewa, lakini nilimwona Bwana Chambuso akivua kofia yake bila kujua kwa nini.

"Si neno lake hilo," alisema Kinyogoli.

"Najua."

"Rudia vizuri."

"Nimekaa humo na vitu vyake," alisema Tungaraza. "Kofia hii nimejaribu kuivaa kila siku. Haingii. Si kwamba ni ndogo." Akamkabidhi Bi Sikudhani kofia kwa mikono miwili. "Mama, huyu simwezi."

Bi Sikudhani aliipokea. Nikadhani anataka kulia. Alichosema ni, "Na wewe unakimbilia wapi?" na hakikuwa kwa Tungaraza. Alikisema kuelekea ndani, kwenye nyumba tupu. Kisha akamshika Tungaraza mkono, akamtoa kizingitini kama alivyonishika mimi siku ile, akauvuta mlango, akafunga, akavaa ufunguo.

Kisheria Mjazo akisema neno la kwake mwenyewe ujazo umebatilika, naye anakuwa mgeni. Mgeni ni mzigo. Kinyogoli aliuliza kwa sauti kubwa mzigo huu ni wa nani.

"Nitambeba mimi," alisema Bwana Chambuso. "Mimi nimeshazoea kutembea."

Pigo la tatu likalia. Waliokuwa na njia wakapita, waliokuta kufuli wakabaki, na la nne lilipokwisha kila mtu wa mzunguko alikuwa amesogea nyumba moja.

Serikali haikushindwa. Bunge lilikutana alasiri ileile na kurekebisha katiba kwa kauli moja, katika viti vyote. Ibara ya tatu sasa yasema: Nyumbani ni pale pigo la nne litakapokukuta. Kwa maneno hayo watu wa mzunguko wakawa wamerudi kwao kila duru, na hata wale wa mpakani, ambao hawakuwahi kuhesabiwa, wakahesabiwa. Hesabu ya mwaka ule ilionyesha tena kwamba katika Palepale hakuna anayekwenda popote. Afisa mwenye kofia ya bluu, nilipopita mpakani kutoka, aliniambia kwamba amefurahi sana kujua kuwa yuko kwake. Hakuwa na nafasi ya kueleza zaidi, maana ngoma ililia.

Mzigo hauondoki wenyewe, lazima mwenyewe autue. Bi Sikudhani alinitua katika nyumba ya mfuga sungura, maana ndipo alipokuwa duru hiyo. Kofia ya Zamoyoni alikuwa ameiweka juu ya kilemba chake, nayo haikumkaa hata kidogo. Alinishika bega.

"Nimekutua," alisema. Halafu, pigo likikaribia, akaongeza pole, "lile neno lako," kama alivyoliita. Alilitamka vibaya kidogo, kwa kulikaza mwanzoni. Nikalipokea.

Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi na jikoni palikuwa na moshi. Shangazi Mwanjaa alikuwa amekuja na msichana mmoja mwenye adabu, binti wa wale watu, "wa kusaidia kupika kidogo." Jiko lilikuwa limefagiliwa vizuri. Palikuwa na nafasi kubwa katikati. Wote wawili walipita hapo moja kwa moja, wakienda na kurudi, bila kupinda.

"Kigoda kiko wapi?" niliuliza.

"Kile kibovu? Nimekitupa stoo. Kaa, mwanangu, ule kwanza. Umekonda."

Nikaenda stoo. Kilikuwa chini ya magunia, mguu mmoja umelegea kama ulivyokuwa siku zote. Nikakipangusa, nikakirudisha jikoni, nikakiweka mahali pake. Mahali penyewe palijulikana. Sakafu ilikuwa na alama tatu.

Shangazi alikuwa anaingia na ndoo ya maji. Akasimama.

"Mndolwa, hicho kinaziba njia."

"Zunguka, shangazi," nilisema. "Nyumba ni kubwa."

Alinitazama. Yule binti alishusha mwiko, akatazama chini. Nilingoja kuambiwa maneno, na alikuwa nayo, niliyaona yamejaa mdomoni. Lakini ndoo ilikuwa nzito na maji yalikuwa yanamwagika. Akazunguka, kwa upande wa dirishani, upande uleule ambao sote tulikuwa tukipita.